Talida, Mwoka Mkate wa Pasaka

Inasimuliwa, wapendwa, na waliotusimulia nao walisimuliwa na watu wasio na mazoea ya kutia chumvi, kwamba zamani katika nchi ya Misri, upande wa juu ambako mto hupinda na jangwa likakaribia mashamba, palikuwa na kijiji cha waumini wa Kristo. Hawakuwa watawa wa mapangoni. Walikuwa wakulima wa ngano na dengu, wafumaji na wafinyanzi, watu wenye wake na watoto na ugomvi wa mipaka ya mifereji. Lakini walimpenda Mungu, na Mungu aliwastahimili. Kasisi wao alikuwa mzee aitwaye Aba Koluto, mja mpole, mzito wa sikio la kushoto. Shemasi wake aliitwa Isidori, mtu wa makamo aliyejaliwa bidii nyingi na usingizi kidogo.

Katika kijiji hicho aliishi mjane asiye na mtoto, jina lake Talida. Kazi yake ilikuwa kuoka mkate wa sadaka, ule uwekwao madhabahuni ukabarikiwa na kumegwa kwa ajili ya waumini. Tanuri lilikuwa uani kwake, na kila aliyepita njia ile siku ya kuoka alipunguza mwendo ili anuse.

Yafaa niseme habari zake za zamani, maana bila hizo hatutaelewa yaliyompata. Talida hakuzaliwa katika imani. Mama yake na bibi zake walikuwa wahudumu wa hekalu la sanamu ng'ambo ya mto, wakipika chakula kilichowekwa mbele ya sanamu kila asubuhi. Sanamu ile ilikuwa na masharti kuliko mgonjwa. Apikaye asile kitunguu, asikohoe, asimtazame mwanamume, asivae rangi fulani. Talida akiwa msichana mdogo, alimwona dada yake akichapwa na kutolewa nje ya lango kwa sababu unywele wake ulikutwa katika sahani ya mungu asiyeweza hata kutafuna. Dada yule hakuonekana tena. Miaka ikapita, Talida akaisikia Injili, akaamini kwa moyo wake wote, akashuka majini. Ila alipobatizwa, alibatizwa yeye na hofu yake pamoja, na hakuna aliyeiona hofu ile kwa kuwa ilivaa nguo za uchaji.

Alipokabidhiwa kazi ya kuoka alilia machozi ya shukrani. Akasema moyoni mwake, sasa ninacho cha kumpa Mungu. Wahenga wamesema mkono mtupu haulambwi, naye Talida alisadiki kwamba hata mbinguni watu hutazamwa mikono kwanza.

Mwanzoni masharti ya tanuri yalikuwa machache. Aba Koluto alikuwa amesema mwoka mkate anawe mikono, unga uchekechwe vizuri, na zaburi isomwe wakati wa kukanda, basi. Kisha mwaka mmoja mikate ikaungua. Mtu mwingine angesema kuni zilizidi. Talida na Shemasi Isidori walikaa chini wakatafuta dhambi. Wakakumbuka kwamba siku ile jirani alipita nje akicheka, na tangu hapo ikawa marufuku kucheka karibu na donge la unga. Mwaka mwingine unga ukakataa kuumuka, nao wakakumbuka kuku aliyeingia uani. Ikawa sharti mwoka mkate asifuge kuku, na Talida akawagawa kuku wake wote, ingawa aliwapenda na kila mmoja alikuwa na jina. Likaja sharti la samaki. Likaja sharti la kutogusa damu ya uzazi, na hili liliwaumiza wengine zaidi, kwa sababu Talida alifundishwa na mama yake kuzalisha, na kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa mkunga wa kijiji. Likaja kubwa kuliko yote, sharti la kimya: tangu maji yanapotiwa kwenye unga mpaka mkate utoke tanurini, mwoka mkate asitamke neno ila zaburi. Akitamka, donge zima litupwe.

Hivyo kila kosa lilizaa sharti, na hakuna sharti lililowahi kufa. Shemasi aliyakariri yote bila kukwama, tena kwa furaha ya kweli, kama mtu anayewatembeza wageni shambani kwake. Aba Koluto hakuyajua hata nusu. Sijui kama ni lile sikio, au ni kwamba wazee wa kanisa huyaacha mambo ya tanuri yabaki tanurini.

Ukimwuliza Talida angekwambia hana mzigo wowote. Lakini siku za ibada, mkate ulipomegwa naye akapokea, hakuonja ladha yake. Masikio yake yalikuwa kwa waumini, akisikiliza kama kuna atakayelalamika. Miaka yote hiyo alikuwa mezani kwa Bwana na moyo wake uko jikoni.

Basi ukaja mwaka ambao mto haukufurika ipasavyo. Ngano ikawa haba. Pasaka ilipokaribia, unga wa mkate wa sadaka ulikusanywa nyumba kwa nyumba, huyu kibaba, yule nusu kibaba, wengine kiganja tu walichokikung'uta kutoka mfuko wa mwisho. Ulipopimwa ulitosha kwa kuoka mara moja. Hapakuwa na mwingine, na kila mtu alilijua hilo.

Jumamosi ile kuu, jua likiwa utosini, Talida alinawa, akafunga mlango wa ua, akatia maji na hamira kwenye unga katika bakuli lake kubwa la udongo, akaanza kukanda huku akisoma zaburi kwa sauti ya chini. Alikuwa ameanza kutoa jasho mlango ulipogongwa kwa nguvu.

"Mama Talida! Mama Talida, fungua!"

Ilikuwa sauti ya Irai, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mkwewe, binti aitwaye Nonna, mke wa mwanawe mfinyanzi, alikuwa mja mzito wa mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa amesafiri na vyungu kwenda mjini chini ya mto, na alitarajiwa baada ya sikukuu.

"Utungu umemshika Nonna tangu alfajiri, na mtoto ametanguliza mguu! Mkunga amekwenda kwao kula Pasaka. Nifungulie, mama, nakuomba!"

Talida alisimama, unga umemfika kwenye viwiko. Hakujibu. Alipiga kifua mara mbili kumwonyesha Irai kwamba yumo, kana kwamba mtu anaweza kuona kifua kupitia mlango wa mti. Irai akalia, akagonga tena, kisha akakimbia kurudi kwa mkwewe.

Talida akaendelea kukanda. Tusimhukumu upesi. Alifikiri juu ya unga ule wa mwisho, viganja vya watu maskini, waumini wote watakaosimama alfajiri wakingoja. Alifikiri pia juu ya lango la zamani na dada aliyetolewa nje yake. Kutoka upande wa pili wa ukuta akasikia kilio cha Nonna. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini hata asiyezaa ana masikio. Akapandisha sauti ya zaburi ili kisisikike, na zaburi yenyewe siku ile ilikuwa ya mtu anayemsihi Mungu ategee sikio kilio chake, asigeuze uso siku ya taabu.

Akaacha kusoma. Alijiona wazi, amesimama pale akimwomba Mungu amsikie, na kumbe sababu ya kuomba kwa sauti ni ili yeye asimsikie mtu. Aliona haya, haya ya kweli iliyompanda mpaka masikioni. Akatoa mikono kwenye donge, akalifunika kwa kitambaa, akafungua mlango na kukimbia.

Alipoingia kwa Nonna alisema. Alisema sana. Alimwambia Irai achemshe maji, alimwambia Nonna asisukume, kisha asukume, kisha alimpigia kelele kwa sababu msichana wa watu alikuwa amekata tamaa na kusema anakufa. "Hufi!" akamwambia. "Leo si siku ya kufa mtu. Nishike bega, mwanangu, niume ukitaka." Nonna akamuuma kweli. Na Talida, kwa mikono ile iliyokuwa bado na unga kwenye kucha, akafanya alivyofundishwa na mama yake, akamgeuza mtoto polepole, akampokea. Alikuwa wa kike, wa buluu kidogo, kimya. Talida akampuliza usoni, akamsugua mgongo, na mtoto akatoa ukelele wa hasira uliowafanya wanawake wote watatu walie naye.

Walipokwisha kumsafisha mama na mtoto, jua lilikuwa limeinama. Talida akarudi uani kwake. Donge lilikuwa limeumuka kupita kiasi, limeinua kitambaa na kumwagikia mezani, na lilikuwa na harufu ya uchachu. Tanuri lilikuwa limepoa. Mikono ya nguo yake ilikuwa na damu mpaka juu.

Irai, aliyemfuata kumshukuru, alisimama mlangoni akaona yote. Yeye naye aliyajua masharti, nani hakuyajua. "Oka tu, mama," akasema kwa kunong'ona. "Shemasi hayupo. Nonna hatasema, na mimi sikuona kitu. Watu watakula, watamshukuru Mungu, na biashara imekwisha."

Lilikuwa shauri la mtu mwema, na Talida alilipenda. Akawaza jinsi litakavyokuwa jepesi. Lakini akawaza pia kwamba atawaangalia waumini wale usoni, mmoja mmoja, wakila kitu ambacho yeye mwenyewe anaamini kimeharibika. "Hapana, Irai," akasema. "Uongo mkateni sitautia. Afadhali nitolewe." Naye akaondoka vile alivyo, bila hata kubadilisha nguo, akaenda nyumbani kwa Aba Koluto.

Alimkuta mzee amekaa na Shemasi Isidori wakipanga masomo ya ibada ya alfajiri. Talida akapiga magoti.

"Aba, donge la Pasaka limeharibika."

"Limeingia nini?"

"Halikuingia kitu. Ni mimi niliyeingia kwa Nonna."

"Nonna amejifungua?"

"Amejifungua, Aba. Mtoto wa kike. Alitanguliza mguu."

"Wazima wote wawili?"

"Wazima."

Mzee akafumba macho na kuinua mikono, akakaa hivyo kwa muda. Talida akadhani hakusikia mengine, akazunguka upande wa sikio zima akarudia, "Aba, nimesema donge limeharibika."

"Nimesikia, binti yangu. Nilikuwa nashukuru kwanza."

Lakini Shemasi Isidori alikuwa amekwisha kusimama. "Ulitamka neno?"

"Nilitamka mengi, Shemasi. Nilipiga hata kelele."

"Na damu?"

Talida akanyoosha mikono. Shemasi akashika kichwa, na msidhani alikuwa mtu mbaya. Macho yake yalijaa machozi. "Basi ni kulitupa," akasema. "Ni kulitupa, na unga mwingine hatuna. Pasaka bila mkate! Tutawaambia nini watu?"

Aba Koluto akamtazama. "Nani amesema litupwe?"

"Ni sharti, Aba."

"Sharti la nani?"

Shemasi akamtazama Talida, na Talida akamtazama Shemasi. Hatimaye Shemasi akasema, "Lilikuja mwaka ule mkate ulipotoka mgumu. Tuliona Talida alizungumza na mchuuzi wa mafuta wakati wa kukanda. Lilikuja baada ya lile la kuku."

"La kuku?"

"Mwoka mkate asifuge kuku, Aba."

Mzee akafikiri kidogo. "Talida, yule kuku mwekundu niliyeletewa zawadi, alikuwa wako?"

"Alikuwa wangu, Aba."

"Anataga vizuri sana," akasema Aba Koluto, na kicheko kikamponyoka, kicheko cha mzee kilichokaa muda mrefu bila kutumika. Shemasi hakucheka. Akaanza kuyataja masharti mengine, la samaki, la kicheko, la maiti, la kitambaa kipya, na kila alipotaja moja Aba aliuliza lilitoka wapi, na kila mara jibu likawa ni mkate ulioungua, au mkate usioumuka, au ndoto ya mtu. Kadiri alivyoendelea, sauti ya Shemasi ilipungua.

"Isidori," akasema mzee, "wewe unayajua masomo kuliko mimi. Jioni ile Bwana wetu alipotwaa mkate, akashukuru, akaumega, akawapa wanafunzi wake, mkate ule aliuoka nani?"

"Haikuandikwa, Aba."

"Alikuwa amekula samaki?"

"Haikuandikwa."

"Alikaa kimya? Alikuwa ametoka kuzalisha mtu? Kuku je, alikuwa nao?"

Shemasi akainamisha kichwa.

"Hatujui hata jina lake," akasema Aba Koluto. "Wala Bwana hakuuliza. Alitwaa mkate aliokuta mezani, akauita mwili wake. Na waliokula mkate ule, kabla jogoo hajawika walikuwa wamekwisha kumkimbia. Naye alijua watakimbia, akawapa."

"Lakini Aba," akasema Shemasi, na hoja yake haikuwa ya kipumbavu, "tukilegeza kamba kila mtu atafanya apendavyo. Kesho mtu ataoka amelewa."

"Mlevi nitamtoa mimi mwenyewe kwenye tanuri, maana ataunguza. Na kunawa, Talida, nawa, tena vizuri, maana mkate huliwa na watu. Lakini nawa kwa kuwa unawapenda watakaoula. Usinawe ili Mungu akupende. Hilo lilikwisha kufanyika kabla yako, na wala hukuombwa msaada." Kisha akasema kama mtu aliyemaliza kazi, "Haya, nenda ukaoke."

Talida hakuinuka. Hapo ndipo mzee alipotambua kwamba shida haikuwa donge.

"Siwezi, Aba," akasema. Na kwa mara ya kwanza tangu abatizwe akasimulia habari za dada yake, unywele, fimbo, na lango lililofungwa. Akasimulia bila kulia, kama mtu asomaye habari ya wengine. Mwishoni akasema, "Siku zote nimengoja zamu yangu. Nilisema, nikiulinda mkate huu nisikosee hata kidogo, sitatolewa. Leo nimekosea. Aba, nikinyang'anywa mkate huu, nina nini cha kumpa Mungu?"

"Huna kitu," akasema Aba Koluto.

Shemasi alishtuka, maana jibu lile lilionekana kali. Lakini mzee hakulirudisha.

"Siku uliposhuka majini, ulikuwa umeshika nini?"

"Sikushika kitu, Aba. Tulivuliwa hata bangili."

"Na alikupokea?"

"Alinipokea."

"Basi mkate ulikuja baadaye. Ulikuwa mtoto wa nyumbani kabla hujajua tanuri liko upande gani. Mtumwa akivunja bakuli hufukuzwa, binti yangu, kwa kuwa alichukuliwa kwa ajili ya bakuli. Mtoto akivunja bakuli hukaripiwa, kisha jioni huitwa kula. Na huyu mtoto wa Nonna, aliyezaliwa leo, amekuja ameleta nini?"

Talida akatabasamu bila kutaka. "Kelele tu, Aba. Kelele nyingi."

"Nawe ulimkagua mikono kwanza?"

Talida alitazama mikono yake mwenyewe iliyokauka damu na unga, mikono iliyompokea yule mtoto asiye na kitu na kumkumbatia kabla hata hajalia. Ndipo alipolia Talida. Alimlilia dada yake, akaililia miaka yake, akalia mpaka Shemasi Isidori akageukia ukutani naye akajipangusa uso. Alipomaliza alipumua kwa nguvu, akasimama, akasema anakwenda kunawa.

"Isidori," akasema Aba Koluto, "wewe una miguu ya ujana kuliko sisi. Kamletee kuni."

Wanasimulia kwamba tanuri lile likawashwa tena, na Talida akalikanda upya donge lililochacha, akalikata, akaugonga muhuri wa msalaba juu ya kila mkate. Shemasi alipokuja na mzigo wa kuni kichwani alisimama mlangoni kwa adabu, akingoja ishara ya mkono kama kawaida.

"Ingia, Shemasi," Talida akasema. "Umechomwa na mwiba? Mbona unachechemea?"

Shemasi nusura auangushe mzigo. Ilikuwa miaka mingi tangu neno la mtu lisikike mahali pale wakati wa kuoka. Akatazama tanuri, akaona moto unaendelea kuwaka kama moto mwingine wowote. "Ni mwiba," akakiri. "Mdogo." Wakaketi, naye Talida akamtoa mwiba ule kwa sindano huku mkate ukiiva.

Alfajiri ilipopambazuka waumini walikusanyika, wakaimba habari za kaburi lililo wazi, na mkate ukaletwa. Haukuwa mzuri wa kutazama. Ulikuwa umepasuka upande na muhuri ulikuwa umevutika. Kabla ya kuubariki, Aba Koluto alimpa Talida nafasi, naye akasimama mbele ya watu wote akasema ukweli: kwamba aliliacha donge, alisema, aligusa damu, na kwamba mkate huu ndio ule ule. Watu wakamtazama Shemasi Isidori, mwenye masharti. Shemasi akasogea mbele. Akasema, "Na kuni nilileta mimi." Akawa wa kwanza kunyoosha mikono kupokea.

Talida alipokea baada yake. Akatia kinywani, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akaonja. Ulikuwa umechacha. Ulikuwa umechacha kweli kweli, na aliupenda. Alisimama katikati ya watu akitafuna polepole, machozi yakimtiririka, na furaha aliyokuwa nayo haikuwa na hofu ndani yake hata chembe.

Ibada ilipokwisha, Aba Koluto alifunga kipande cha mkate katika kitambaa cheupe. Desturi ilikuwa mwanamke aliyejifungua akae mbali na meza ya Bwana mpaka siku zake zitimie, na hakuna kasisi wala shemasi aliyekanyaga chumba chake. Mzee hakusema lolote juu ya desturi. Alichukua tu fimbo yake, akaenda, Talida na Shemasi wakamfuata. Nonna alipomwona kasisi mlangoni akitaka kuingia, alijaribu kuinuka.

"Baki hapo hapo," Aba akamwambia. "Bwana ndiye aliyefufuka. Wewe pumzika."

Akaingia, akampa. Shemasi Isidori alibaki kizingitini, mguu mmoja ndani, mwingine nje, uso wake ukionyesha vita kubwa. Mtoto alikuwa akilia. Irai alikuwa amembeba mtoto, na maji ya moto yalikuwa yanafurika jikoni. Akatazama huku na huku, akaona mtu mmoja tu asiye na kazi, akampa Shemasi yule mtoto mikononi, akakimbia.

Shemasi akaganda. Akajikuta yumo ndani ya chumba, mikono imejaa. Mtoto akanyamaza na kumkodolea macho.

"Aba," akasema Isidori, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepotea njia, "mimi sijui masharti ya jambo hili."

Ni Talida aliyemjibu. "Shika kichwa tu, Shemasi," akasema. "Shika kichwa, mengine utayajua ukishampenda."

Ndugu zangu waumini, tuna mazoea makubwa ya kujizungushia masharti, na kila sharti huja limevaa heshima. Kunawa ni kwema, kufunga ni kwema, utaratibu ni mwema. Lakini hakuna hata kimoja kilichotununulia mahali mezani. Tulipokelewa tukiwa na kelele tu. Tukilikumbuka hilo, tutatii kama watoto na si kama watumwa, na tutausikia mlango unapogongwa. Mwenyezi Mungu, aliyewajalia waja wake wale wema, atujalie nasi kuionja neema yake mpaka hofu itutoke. Amina.